Daftari la Kitasa

Mwaka jana, wakati wa likizo, baba aliniita sebuleni akaniambia nichague vitasa vya elektroniki kwa ajili ya nyumba yetu: kimoja cha mlango wa mbele, kimoja cha mlango wa jikoni, na kimoja cha kilango kidogo kilichomo ndani ya geti kubwa. Alinichagua mimi kwa sababu ndiye niliyeko chuo kikuu, na kwa wazazi wengi wa Kampala mtoto aliyeko chuo kikuu anajua kila kitu chenye betri. Sikumkumbusha kwamba ninasoma lugha na fasihi. Analijua hilo, ila haoni linabadilisha nini.

Nilidhani ingekuwa kazi ya ufundi na bei tu. Kwa siku tatu za kwanza ilikuwa hivyo. Kisha iligeuka ikawa swali ambalo bado ninalo. Mtu ana haki ya kufunga mlango wake, hilo silibishii. Lakini je, ana haki pia ya kujua kila anayeufungua, saa aliyoufungua, na mara ngapi? Na kama anayo, ni vema aitumie kwa watu ambao anasema anawaamini?

Kwanza nieleze nyumba yenyewe. Tunakaa pembezoni mwa jiji, kule ambako mashamba ya migomba yamekatwa yakawa viwanja, na viwanja vikawa kuta. Kila nyumba ina ukuta wake, juu ya ukuta kuna vipande vya chupa au waya wa miiba, na mbele kuna geti la chuma lenye askari. Tuko baba, mama, wadogo zangu wawili, mimi nikiwa likizo, bibi anapokuja kutoka Masaka kutibiwa miguu, na dada mmoja anayetusaidia kazi za nyumbani. Tunamwita Anti. Amekaa nasi miaka tisa. Askari wetu ni mtu wa makamo aliyewahi kufyatua matofali kwa miaka mingi kabla ya kushika rungu, naye tunamwita Mzee tu.

Mwezi mmoja kabla ya baba kuniita, fedha za ada ya mdogo wangu zilipotea kwenye droo ya mama. Hazijaonekana hadi leo. Hakuna aliyetuhumiwa waziwazi, lakini najua macho yalikwenda wapi. Yalikwenda jikoni. Baba aliwahi kufanya kazi Mombasa, akarudi na Kiswahili na methali chache, na jioni moja mezani, Anti alipokuwa akiweka chai, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Kikulacho ki nguoni mwako.” Labda alidhani maneno yatapita. Lakini Anti amekulia Kasese, karibu na mpaka wa Kongo, na Kiswahili anakijua kuliko baba, pengine kuliko mimi ninayekisomea. Aliweka birika chini, akauliza kama sukari inatosha, akarudi jikoni. Baada ya siku chache ndipo habari ya vitasa ilipoanza.

Nilikwenda katika duka moja katikati ya jiji, kisha nikasoma sana usiku. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba, unaponunua kitasa cha umeme, unalazimika kujibu swali ambalo kitasa cha kawaida hakikuulizi: umeme ukikatika, mlango ubaki wazi au ubaki umefungwa? Kuna kitasa cha sumaku, ambacho ni sumaku ya umeme inayoshika bamba la chuma kwenye mlango. Ile ya kawaida hushika kwa nguvu ya takriban kilo 270, kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuivuta. Lakini sumaku hiyo huishi kwa umeme. Umeme ukienda, na betri ya akiba ikiisha, mlango unaachia. Kuna kitasa kingine chenye komeo linalosukumwa na mota ndogo, kinachotumia betri zake chenyewe, mara nyingi nne za aina ya AA, na hicho nguvu zikiisha hubaki kama kilivyokuwa, yaani kimefungwa. Mafundi wanayo majina ya aina hizi mbili. Mimi nilizielewa hivi: ya kwanza, mambo yakiharibika, huwapendelea watu, ya pili huipendelea mali.

Hapa sikuhitaji kufikiri sana. Mwezi Machi 2001, katika shule ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Hapa Uganda pia tumezika watoto waliofia mabwenini. Mtu aliyekulia katika nchi hizi akifunga mlango usiku, anapaswa kufikiri kuhusu aliye ndani kabla ya aliye nje. Kwa hiyo nilimwambia baba kwamba kitasa chochote tutakachonunua lazima kifunguke kutoka ndani kwa mkono mtupu, kwa kushusha mpini, bila namba, bila kadi na bila umeme. Alikubali mara moja. Nilifurahi, nikadhani mengine yatakwenda hivyo hivyo.

Mengine ya kiufundi nitayapitia upesi. Sumaku sikuiweka getini, maana umeme wetu hukatika na mwizi naye anajua hukatika. Nilichagua kitasa cha komeo, na cha getini nikahakikisha kinastahimili vumbi na mvua, kwani vumbi letu jekundu huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Kadi za aina ya zamani, zinazofanya kazi kwa masafa ya 125 kHz, nilizikataa kwa sababu hunakiliwa kwa kifaa kidogo cha bei nafuu. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, nao unatosha kama kitasa hujifunga kwa muda baada ya makosa kadhaa. Lakini vitufe vikichakaa, mtu akaona ni vinne tu vinavyong'aa, uwezekano unashuka hadi 24. Hilo nilimweleza baba mara mbili, naye bado alichagua mwaka wake wa kuzaliwa.

Alama za vidole ndizo zilizonipa fundisho la kwanza lisilo la ufundi. Kitasa cha getini kilikuwa na kioo kidogo cha kusoma kidole. Tuliandikishwa wote. Kilipofika kidole cha Mzee, kitasa kilikataa. Tulijaribu kidole gumba, cha shahada, mkono wa kulia, wa kushoto, tukamwosha mikono kwa maji ya moto na sabuni. Kilikataa. Miaka ya kufyatua matofali ilikuwa imesugua mistari yote. Mtu ambaye kazi yake ni kutufungulia geti ndiye peke yake ambaye geti halikumtambua. Alicheka, akasema kwamba hata benki ilishamwambia hivyo hivyo. Tulimpa kadi. Lakini nilibaki nikifikiri kwamba aliyetengeneza chombo kile alikuwa na picha fulani ya mkono wa mwenye nyumba, nao haukuwa mkono uliofanya kazi ngumu.

Kisha likaja suala la kuwaandikisha watu katika programu ya simu. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ufunguo wa kawaida hauna maswali. Ukimpa mtu ufunguo, umempa mlango wote, mchana na usiku, na huenda ukasahau kwamba ulimpa. Neno lenyewe linatufundisha kitu: kwa Kiswahili ufunguo unatokana na kufungua, wala si kufunga. Kwa Kiganda ni vivyo hivyo, ekisumuluzo hutokana na okusumulula, na wenzangu wa Rwanda huuita urufunguzo. Babu zetu wote waliokipa chombo hiki jina walitazama upande wa kuruhusu. Kitasa cha elektroniki kinatazama upande mwingine. Kilinitaka niandike jina la kila mtu, kisha nichague cheo chake kati ya vitatu: msimamizi, mkaazi, mgeni. Msimamizi hufungua wakati wowote, huongeza na kufuta watu, na huona kumbukumbu zote. Mkaazi hufungua wakati wowote. Mgeni hufungua siku na saa alizopangiwa tu.

Baba alikuwa msimamizi, na mimi pia, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikiitumia programu. Mama na wadogo zangu wakawa wakaazi. Nikafika kwa Anti. Kidole changu kilisimama juu ya kioo cha simu. Miaka tisa. Mdogo wangu wa mwisho alijifunza kutembea akishika gauni lake. Baba aliyekuwa nyuma yangu akasema: “Mgeni. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja jioni.” Nikamwambia, baba, anti analala humu humu. Akasema: “Ndiyo. Kwa hiyo saa moja jioni awe ameshaingia.”

Nilimwandika mgeni. Sikubishana. Ninaliandika hapa kwa sababu insha ya maadili inayowahukumu wengine na kumwacha mwandishi nje haina faida.

Ukitafakari, hapakuwa na sheria mpya hata moja nyumbani siku ile. Hata kabla ya hapo Anti hakuwa akitoka usiku. Kitasa hakikumnyang'anya kitu alichokuwa akikitumia. Basi kwa nini niliona aibu? Nadhani ni kwa sababu kwa miaka tisa nyumba yetu ilikuwa imeepuka kulitamka jambo moja, kwamba Anti ni mmoja wetu na pia si mmoja wetu. Tulimwita kwa jina la ukoo na tukamlipa mshahara. Utata huo ulimwachia nafasi ya kupumua, na sisi ulituachia nafasi ya kujiona wema. Kitasa hakijui utata. Kinataka cheo.

Wiki za kwanza zilikuwa za kuchekesha. Bibi alipofika kutoka Masaka alisimama nje ya geti, asibonyeze chochote, akaita kama alivyozoea: “Koodi! Koodi!” Msomaji wa Tanzania au Kenya ajue kwamba koodi kwetu ndiyo hodi yenyu, na anayepigiwa huitikia karibu. Lakini vijana wetu, kwa kuchanganya Kiingereza, huita namba ya siri kodi. Mdogo wangu akapaza sauti kutoka ndani, akamtajia bibi namba zote nne, na jirani nzima ikazisikia. Tulibadilisha namba jioni ile ile. (Kwa Kiswahili kodi ni kitu kingine, nacho hakichekeshi hata kidogo.)

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba watu wa pwani hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa, mtu huondoka bila kinyongo. Nimekuja kuona kwamba desturi hiyo ina hekima kuhusu suala hili hili. Anayepiga hodi ndiye anayejitangaza. Anachagua kusikika. Aliye ndani naye anachagua kuitikia au kunyamaza. Wote wawili wanajua kinachoendelea. Lakini mtu anayegusa kitasa chetu hatangazi kitu, anatangazwa. Habari zake zinakwenda kwenye simu ambayo haioni, kwa mtu ambaye hajui kama anatazama.

Mtu huyo alikuwa mimi. Nilipokuwa nimechoka kusoma, nilifungua programu na kuangalia daftari la kitasa, kama vile watu wanavyoangalia picha za wengine mtandaoni. Mstari kwa mstari: jina, mlango, saa. Sikuwa nikitafuta kitu. Katika wiki ya nne niliona kwamba kila Jumatano, saa nane mchana, Anti alitoka kwa kilango cha geti, na kurudi baada ya dakika thelathini na tano au arobaini. Kila Jumatano. Katika miaka tisa hakuna aliyekuwa akijua.

Hakuvunja amri yoyote. Saa nane ni ndani ya saa zake. Chakula kilikuwa kimeliwa, vyombo vimeoshwa, watoto wako shuleni. Lakini mara tu nilipokwisha kuona, sikuweza kutoona. Nilianza kumtazama Jumatano kwa namna nyingine. Nilizikumbuka fedha za ada. Ndipo nikafanya jambo ambalo ninalijutia: nilimwambia mama, kwa sauti ya utani, kwamba Anti ana miadi yake kila Jumatano.

Mama alimwuliza. Jibu likawa dogo mno. Nyumba tatu chini ya yetu kuna mfenesi nje ya ukuta, na chini yake wasichana wa kazi wa mtaa hukutana siku hiyo. Wanakaa. Wanasukana nywele, wanazungumza, basi. Mama alisema hakuna ubaya. Anti alisema, “Sawa, mama.” Jumatano iliyofuata hakutoka. Wala ile nyingine. Hakuna aliyemkataza.

Katika kitabu cha pili cha *Jamhuri* ya Plato, Glaucon anasimulia habari za mchungaji aliyepata pete ambayo, akiigeuza kidoleni, humfanya asionekane. Kwa pete ile anafanya maovu makubwa mpaka anautwaa ufalme. Glaucon anadai kwamba mtu yeyote angefanya vivyo hivyo, maana watu huwa waadilifu kwa sababu tu wanaonekana. Tulipoisoma darasani nilidhani hadithi hiyo inamhusu mwizi. Wauzaji wa vitasa nao wanafikiri hivyo, wanasema: mwangalie mfanyakazi wako nawe utalala usingizi. Lakini baada ya habari ya mfenesi nilijiuliza ni nani katika nyumba yetu aliyekuwa amevaa pete. Hakuwa Anti. Yeye alionekana kila alipogusa mlango. Asiyeonekana nilikuwa mimi, mwenye simu, niliyetazama bila kutazamwa. Na kama mchungaji yule, sikukaa muda mrefu kabla sijaitumia vibaya, ingawa ubaya wangu ulikuwa wa mdomo tu.

Mama hakukubaliana nami nilipomweleza haya, na hoja yake ina uzito. Alisema: “Wewe unasikitikia nusu saa yake. Mimi nakumbuka siku zile fedha zilipopotea. Daftari kama hilo lingekuwepo, pengine lingemtetea.” Ni kweli kwamba asiye na nguvu ndiye anayehitaji ushahidi zaidi. Baba hahitaji kuthibitisha alikuwa wapi. Neno lake linatosha. Neno la Anti halitoshi, na karatasi inayosema kwamba hakuwepo ingemsaidia kuliko machozi. Niliifikiria hoja hii kwa siku nyingi na bado siwezi kuitupa. Ninachoweza kuijibu ni kwamba kitasa cha mlango wa nje huandika anayeingia na kutoka. Droo ya mama imo ndani, na wote ambao wangeweza kuifungua walikuwa wamo ndani tayari. Siku ile daftari lisingesema lolote. Tena kitasa hakiujui mkono, kinaijua namba. Mdogo wangu alishaitangaza namba ya bibi mtaa mzima, na yeyote ambaye angeitumia usiku ule angeandikwa kwa jina la bibi kizee asiyeweza kupanda ngazi. Ushahidi wa aina hii unaonekana mkavu na safi, ndiyo maana watu wanauamini kupita kiasi.

Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na moja ya misingi yake ni kwamba anayekusanya taarifa za mtu amweleze mtu huyo anazikusanya kwa ajili ya nini. Sidhani waliotunga sheria walikuwa wakifikiria jiko letu. Lakini nilijipima kwa kipimo hicho nikashindwa. Sikumwambia Anti kwamba kitasa kinaandika. Nilimwambia tu jinsi ya kubonyeza.

Sasa niseme kilicholigeuza jambo, na si hoja zangu. Usiku mmoja wa Ijumaa, simu ya mama ililia saa saba na dakika kumi. Mdogo wangu, kwa kuchezea programu, alikuwa amewasha taarifa za kila mlango unapofunguliwa, katika simu ya mama. Taarifa ilisema kwamba baba ameingia. Asubuhi mama, kwa upole sana, alimwuliza kuhusu kikao ambacho alisema kilikwisha saa nne. Sijui baba alikuwa wapi, wala hainihusu. Ninachojua ni kwamba kabla ya chai ya asubuhi kwisha aliniita. “Hiki kitu kinaandika hata mimi?” Nikasema ndiyo, kinaandika kila mtu. “Kizime.” Alisema mtu mzima hawezi kuishi kama mwanafunzi wa bweni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Nilikuwa na simu mkononi. Ningeweza kuzima mstari wake peke yake, na ndicho alichotaka. Nikamwambia, baba, Anti naye ni mtu mzima. Alininyamazia kwa muda. Kisha akasema kwamba si sawa, yeye ni mwenye nyumba. Nikamwambia kwamba programu hairuhusu kuzima ya mtu mmoja. Huo ulikuwa uongo. Inaruhusu. Insha hii inahusu uaminifu, na ukweli ni kwamba sehemu nzuri kuliko zote ndani yake nilipata kwa kudanganya. Mwalimu wangu akisoma hapa ataona kwamba nimejikwaa, na sina utetezi. Baba alivuta pumzi akasema: “Basi zima yote.”

Sikuzima yote. Mwaka 1818, huko Uingereza, fundi aitwaye Jeremiah Chubb alitengeneza kitasa ambacho mtu akijaribu kukifungua kwa ufunguo bandia kinajikwamisha, na mwenyewe akija na ufunguo wake halisi anajua kwamba kuna aliyejaribu. Nadhani ni kitasa cha kwanza mashuhuri kilichokuwa na kitu kama kumbukumbu. Lakini angalia kilichokumbuka: kilimkumbuka aliyeshindwa kuingia. Aliyeingia kwa haki yake hakuandikwa popote. Miaka mia mbili baadaye vitasa vyetu vimelipindua jambo hilo, vinaandika zaidi wale tuliowapa ruhusa. Nilirudi kwa Chubb. Niliacha kengele na kumbukumbu ya namba zilizokosewa, kwa sababu anayekosea mara tano usiku wa manane ninataka kumjua. Kumbukumbu za wanaofungua kwa namba sahihi nilizizima, za Anti, za baba, za kila mtu. Na nilibadilisha cheo cha Anti kikawa mkaazi. Hilo sikumwomba mtu ruhusa, na baba mpaka leo hajaligundua, au amegundua akanyamaza.

Kuna watakaosema kwamba ningerudisha ufunguo wa chuma tu, mambo yakaisha. Sikubali. Kwa ufunguo wa chuma mdogo wangu alikuwa akikaa nje ya geti mvua ikinyesha kwa sababu ameupoteza, na Mzee aliamshwa usiku kila mtu alipochelewa. Namba inaweza kubadilishwa kwa dakika moja; kitasa cha chuma ukibadilisha unamwita fundi. Ninakipenda kitasa chetu. Kitu nisichokipenda ni kwamba kilipofika dukani kilikuwa tayari kimeshaamua kwamba kila nyumba ina wa kutazama na wa kutazamwa, na kwamba nisipochagua chochote nitakuwa nimekubali.

Kabla ya kurudi chuoni nilikwenda jikoni na simu. Nilimweleza Anti kwamba kitasa kilikuwa kikiandika, kwamba mimi ndiye niliyesoma, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia mama. Nilimwonyesha mistari yake yote, wiki tisa. Alifuta mikono kwenye kanga akaishika simu. Alisoma polepole, akiteremsha kwa kidole, na sura yake haikuniambia kitu. Mahali fulani alisimama akasema, “Kumbe hata Jumapili.” Jumapili huenda kanisani. Nikamwuliza kama anataka nifute. Alinirudishia simu bila kujibu, kisha akasema, “Futa wewe, ndiyo yako.” Nikafuta mbele yake. Aliendelea kumenya matoke.

Nimeandika insha hii nikiwa chuoni, muhula wa pili. Mama hunipigia simu Jumapili, na Anti akiwa karibu hunisalimia. Sijui kama ameanza tena kwenda chini ya mfenesi. Kitasa hakiandiki, nami sijauliza.